Slaidi za Mjomba na Sitara ya Wenyewe



Tumeulizwa zaidi ya mara moja, na aghalabu ya waliouliza ni akina mama, ni mashine gani inayofaa kununuliwa ili picha za zamani za familia, zile zilizopigwa kwa filamu, zitiwe katika kompyuta kabla hazijaharibika. Aliyetuuliza mara ya mwisho alitaka jina la skana na bei yake, basi. Jina tutalitaja, na bei tutaitaja. Lakini tulipokuwa tukiitafuta mashine hiyo hapa Kiuu tunakoishi, upande wa Githurai katika Ruiru, tulitambua kwamba lililohitaji kuamuliwa kwanza halikuwa mashine, na ndiyo sababu jibu limekuwa refu kuliko swali.

Picha zenyewe ni slaidi 412. Ni za mjomba wetu, Mungu amrehemu, aliyekuwa mtumishi wa reli Mombasa katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtu aliyekuwa tayari kujinyima kitoweo ili anunue filamu. Nyumba ya Kibokoni ilipogawanywa kwa warithi, vyombo vilipata wenyewe, vitabu vilipata wenyewe, na sanduku la bati lenye slaidi likabaki barazani bila mdai. Binti yake, ambaye tunakaa naye mtaa mmoja huku bara, alilipakia katika basi la usiku likaja Kiuu.

Vijana wengi hawajapata kuiona slaidi. Si picha ya karatasi, wala si negativu. Ni kipande cha filamu ile ile iliyokuwa ndani ya kamera, chenye upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, kilichotiwa katika fremu ya karatasi ngumu au plastiki yenye mraba wa milimita 50. Rangi zake zimekaa kama zilivyokuwa siku ya kupigwa, na mtu huitazama kwa kuiinua mbele ya mwanga, au huirusha ukutani kwa projekta. Waliopigwa picha kwa Parekh pale Mombasa, au kwa Bakor kule Lamu, au katika Capital Art Studio aliyoifungua Ranchhod Oza Unguja mwaka 1930, walirudi nyumbani na karatasi, na negativu ikabaki kwa mpigaji. Karatasi ikipotea palikuwa na pa kurejea. Slaidi haina wa pili. Ikiibwa au ikiliwa na kuvu, imekwisha.

Tunakumbuka jioni za projekta. Mjomba alitundika shuka jeupe sebuleni, taa zikazimwa, na vikasha vya manjano vya Kodak vikatolewa kimoja kimoja. Vilikuwa vya namna mbili. Vilivyotiwa alama ya wino wa kijani vilikuwa vya watu wote: feri ya Likoni, sherehe za Idd Makadara, Maulidi ya Lamu, vichwa vya treni ambavyo mjomba alivipenda kupita kiasi. Vilivyofungwa kwa uzi mwekundu vilikuwa vya wanawake peke yao, na jioni yao ilikuwa mbali. Hizo hakuzipiga mjomba. Alimfundisha mdogo wake, yaani mama yetu mdogo, kuishika kamera, akampa, naye mwenyewe akabaki barazani. Humo mna bibi harusi anayesingwa na kutiwa hina, mna somo wake, mna majirani wanaocheza vugo vichwa wazi, mna nyanya yetu akiwa ameketi kitako ukumbini na misuko yake. Haya twayajua kwa kusimuliwa, kwani sisi tulitolewa jioni hizo mapema, mara tu tulipofika umri wa kutumwa sokoni peke yetu. Vikasha vyenye uzi mwekundu vilikuwa na slaidi 96.

Basi tulianza kwa njia iliyo karibu. Githurai haina upungufu wa saiba wala wa mafundi wa picha, na duka moja lililotajwa kuwa hodari lilitupa bei ya shilingi 50 kwa slaidi, yaani shilingi 20,600 kwa sanduku zima, na kazi ya wiki mbili. Tukamuuliza kijana wa pale: mkimaliza na kututilia katika flashi, zile zilizobaki ndani ya kompyuta yenu mnazifanyaje? Akajibu kwa ukweli wake, na tunamshukuru kwa ukweli huo, kwamba hukaa tu mpaka diski ijae. Na nani huitumia kompyuta hiyo? Yeye, na mwenzake wa zamu, na wateja kukiwa na msongamano. Hakuwa na ubaya wowote kijana yule. Ni kazi yake, na picha za wasafiri na za mahafali hazidhuriki kwa utaratibu huo. Lakini sanduku tulirudi nalo.

Mpwa wetu, anayejua mambo ya kompyuta kuliko sisi sote, alikuwa na rai ya pili: aiweke slaidi juu ya kioo cheupe cha tableti, aipige kwa simu, amalize zote katika siku mbili. Tulijaribu kwa picha za treni. Zilitoka, lakini mwanga ulikuwa mkali katikati na hafifu pembeni, na ukizikuza waona vijimraba vya kioo cha tableti vimejichora juu ya anga ya Mombasa. La pili lilikuwa zito zaidi. Kabla hatujanyanyuka pale mkekani, simu yake ilikuwa imekwisha kuzipeleka picha zile katika hifadhi ya mtandaoni, bila kuulizwa wala kuagizwa, kwa kuwa ndivyo ilivyopangwa. Picha za treni hazina neno. Tukatazamana.

Hapo ndipo tulipompigia simu Mama mdogo, ambaye yu hai Mombasa, Mungu amzidishie umri, amekwisha kupita miaka themanini. Mpwa wetu alimweleza mambo yote mawili, la duka na la simu, kisha akamtetea fundi: "Bibi, filamu hizi za Kodachrome hazikuoshwa pale mtaani. Vikasha vina muhuri wa Uingereza. Wazungu waliziosha na kuziona zote kabla yenu nyinyi hamjaziona."

Mama mdogo akacheka. "Mzungu yule hakuwa na simu, mjukuu wangu. Aliona moja, akaona ya pili, akenda zake kunywa chai. Hiyo yenu ya leo haiishi kuonwa."

Hatujasikia kwa mwanachuoni yeyote tofauti ya zama hizi na zile ikielezwa kwa maneno machache zaidi. Hatutaki hapa kuifungua ikhtilafu ya wanavyuoni juu ya picha yenyewe, kwani kila mmoja ana sheikh wake aliyemfuata na hoja zake zinajulikana. Twasema juu ya picha ambazo zimekwisha kuwako, zilizopigwa na watu waliokwisha kukutana na Mola wao. Kipande cha filamu na fremu yake ni mali, na mali hurithiwa. Lakini sitara ya mwanamke aliyevua mtandio wake kwa kuwa alikuwa miongoni mwa wanawake wenziwe haiingii katika mirathi. Hakuiacha kwa watoto wa mpigaji waigawe. Ni amana, na tumeamrishwa amana tuzifikishe kwa wenyewe. Sura ya An-Nur inatufunza tusiingie nyumba za watu bila kuomba ruhusa, na sisi tunaona kwamba slaidi ya namna hii ni chumba cha mtu, hata kama ufunguo wake umeanguka mikononi mwetu.

Wapo watakaosema kwamba tunazuia hifadhi. La. Tumeona kazi iliyofanywa katika Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ambapo hati za mkono za wanavyuoni wetu zilipigwa picha chini ya mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini: hati zenyewe zikabaki Lamu, na nakala zikawekwa wazi kwa wasomaji wa dunia. Tuliifurahia kazi ile. Mwandishi wa kitabu cha fikihi alikiandika ili kisomwe, na kila anayekisoma humzidishia thawabu kaburini. Bibi harusi wa Kibokoni hakukaa mbele ya kamera kwa nia hiyo.

Basi shuruti zetu zikawa hizi: mashine ikae nyumbani, iendeshwe na mwanamke peke yake bila kumhitaji fundi, na ifanye kazi bila mtandao. Baada ya hapo ndipo tulipozitazama nambari.

Skana ya kawaida ya ofisini haifai, na hili wauzaji hawalisemi. Mashine ile humulika karatasi na kuusoma mwanga unaorudi, ilhali slaidi inataka mwanga upite ndani yake, kwa hiyo ni lazima skana iwe na taa katika mfuniko. Pili, ile ya ofisini aghalabu husoma nukta 300 kwa inchi, na hizo zatosha kwa barua. Kwa kijipande cha milimita 36 kwa 24, nukta 300 hukupa picha ya nukta 425 kwa 283, ambayo kwenye simu ya leo ni kama stempu. Ukisoma kwa nukta 2,400 wapata takriban 3,400 kwa 2,270, yaani zaidi kidogo ya nukta milioni saba na nusu, na hapo nyuso zinatambulikana na picha inachapishika vizuri kwa ukubwa wa ukurasa wa daftari.

Tuliona namna tatu. Ya kwanza ni visanduku vidogo vyenye kamera ndani, ambavyo huimaliza slaidi kwa sekunde chache; ni vyepesi na bei yake ni nafuu, lakini sehemu za giza huzimeza, na katika picha za buibui hilo si jambo dogo. Ya pili ni skana za filamu tupu, kama vile Plustek OpticFilm 8200i, zenye kuona ndani kuliko zote tulizozipata kwa bei ya watu wa kawaida, ila hulishwa slaidi moja moja kwa mkono, na hazipokei karatasi. Nikon nao walikuwa wakitengeneza skana za filamu zilizosifiwa sana, ziitwazo Coolscan, lakini uundaji wake ulikoma zamani na zilizobaki ni za mtumba. Ya tatu ni skana bapa yenye taa mfunikoni, mfano wa Epson Perfection V600, inayopokea slaidi 4 kwa mkupuo.

Tulichukua hiyo ya Epson, ya mtumba, mjini Nairobi, kwa shilingi 18,000. Kwa ukali wa picha Plustek inaishinda, hilo hatulifichi. Nambari ya nukta 6,400 iliyoandikwa katika tangazo la Epson msiikumbatie, kwani skana bapa kwa desturi haziupati undani unaotajwa. Sisi tulisoma kwa 2,400 na hatukuona faida ya kupanda juu ya hapo ila faili kuwa nzito. Kilichotuvuta ni kwamba mtoto wa kike wa miaka kumi na tano hufundishwa kuiendesha kwa nusu saa, na kwamba hupokea pia karatasi: picha za studio, barua, vyeti vya ndoa. Nyumba nyingi zitakazosoma haya zina karatasi nyingi kuliko slaidi.

Kuna jambo la Kodachrome ambalo lafaa kutajwa, kwa sababu slaidi nyingi za miaka ile ni za filamu hiyo. Ilitoka mwaka 1935, ikaachwa kutengenezwa mwaka 2009, na maabara ya mwisho iliyokuwa ikiiosha, huko Parsons katika jimbo la Kansas, Marekani, ilifunga kazi hiyo mwishoni mwa 2010. Ikihifadhiwa gizani rangi zake hudumu ajabu. Za mjomba, zilizokaa ndani ya sanduku la bati miaka hamsini, zina wekundu wa leso kama zilizonunuliwa jana. Lakini mwanga wa projekta huila upesi kuliko filamu nyingine, na zile zilizopendwa zaidi, zilizorushwa kila mgeni alipokuja, ndizo zilizopauka. Filamu za aina nyingine mle sandukuni zimegeuka nyekundu zote, bahari nyekundu na anga nyekundu, nazo hurekebishwa kidogo kwa programu. Vilevile skana hizi zina mwanga wa infraredi unaotambua vumbi na kulifuta katika picha. Ni neema kubwa kwa filamu nyingi za rangi, lakini kwa nyeusi na nyeupe haufai, na kwa Kodachrome huchanganyikiwa, ukadhani kope na nyuzi za nguo ni vumbi. Huo tuliuzima, tukatumia pampu ndogo ya mpira ya kupulizia na brashi laini.

Vumbi la Kiuu halihitaji kusimuliwa kwa wanaoijua njia yetu wakati wa kiangazi. Ila heri vumbi kuliko unyevu wa Pwani. Slaidi kadhaa zilikuwa zimeota kuvu, utando kama wa buibui penye anga. Anayekutana na hili asithubutu kufuta kwa maji: kuvu hulainisha jelatini iliyoshika rangi, na maji yakiigusa huyeyuka pamoja na uso wa mtu. Ziachwe zikauke mahali penye hewa, ziwekwe pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja katika maboksi ya viatu, zisomwe na skana kama zilivyo.

Kazi ilifanyika baada ya sala ya isha, mkupuo mmoja takriban dakika kumi, siku ambazo stima haikukatika. Za wino wa kijani tulizifanya sisi na vijana, mikupuo 79. Kuna slaidi ambazo hatukujua upande upi ni wa mbele, kwani ukiigeuza filamu bado picha yaonekana sawa, mtu wa kulia amekuwa wa kushoto tu. Tulihukumu kwa maandishi ya Kiarabu yaliyotundikwa ukutani: Bismillahi ikisomeka, upande ni huo. Hili ni jambo moja ambalo elimu ya madrasa ilimshinda mpwa wetu na kompyuta yake.

Za uzi mwekundu alizifanya binti ya mjomba pamoja na binti yetu mkubwa, mlango umefungwa, kwa kompyuta kuukuu iliyozimwa mtandao moja kwa moja. Ziko katika diski mbili zenye nywila, moja Kiuu, moja Mombasa. Nywila wanaijua wanawake wawili. Sisi hatuijui wala hatujaiuliza.

Kabla hawajaanza, Mama mdogo alisema atakuja mwenyewe. Alipanda treni na mjukuu wake, akakaa nasi siku tatu, akawekewa kibao cha mwanga mezani na kioo cha kukuzia, akazipitia zote 96. Kila aliyoitambua alitaja majina, na binti yetu akaandika katika daftari: nani, binti nani, arusi ya nani. Mahali pengine sauti ya chumbani ilikatika kwa muda mrefu, kisha ikarudi. Zilizokuwa na watu wa nyumbani tu alizikubali, na wengine walio hai aliwapigia simu pale pale. Lakini 11 alizitenga, akazirudisha katika kikasha chao na kukifunga uzi wenyewe. Hizo zina nyuso za majirani na marafiki waliohama au kufariki, ambao yeye aliwaambia, miaka hamsini iliyopita, kwamba picha haitatoka nyumba ile.

Tulimwambia yale ambayo tulipaswa kumwambia. Kwamba baadhi yake ni za ile filamu inayogeuka nyekundu. Kwamba kuvu limeanza pembeni. Kwamba kuzitia katika diski yenye nywila si kuzitoa nyumbani, na kwamba kwa fikra yetu jambo hilo linajuzu. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima anayotupa mbele za watu kwa ajili ya kilemba, kisha akasema, "Mwanangu, wewe wanijibia jambo la kujuzu. Mimi naliwapa neno." Hatukuwa na la kuongeza.

Alitupa ruhusa moja: tuwatafute wenyewe, au mabinti zao. Wa kwanza kupatikana alikuwa binti wa yule bibi harusi wa hina, ambaye sasa anaishi Maskati. Binti ya mjomba alimwandikia akimweleza tu kwamba picha iko, bila kumtumia. Jibu lilikuja usiku ule ule. Hana picha hata moja ya mama yake ya ujanani; hakujua kama kulikuwa na kamera arusini. Akaomba isomwe, apelekewe yeye peke yake, na asionyeshwe mwingine. Ikasomwa kwa ukamilifu wote ambao mashine inauweza, nakala ikachukuliwa na mwanamke aliyekuwa akisafiri kwenda Oman, mkononi, katika flashi, na slaidi yenyewe itafuata atakapopatikana msafiri wa kuaminika.

Zimebaki 10, kabatini kwa binti ya mjomba, na vifuko vya kunyonya unyevu tunavibadilisha kila mwezi. Mmoja kati ya waliomo, asema Mama mdogo, alikuwa na wifi Malindi, mshonaji wa kofia, nyumba ya pili kutoka msikitini. Msikiti gani hakumbuki. Tumeanza kuuliza.

Wabillahi tawfiq.